Glasi ya Maji kwa Mche wa Nyanya

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za mchana. Mnanijua, mimi si msemaji, kwa hiyo nimeandika nyumbani taratibu na sasa nitasoma. Mkiona nimenyamaza, natafuta mstari.

Shamba letu liko kando ya ziwa, upande wa Kigongo. Baba alipofariki, mimi na mama tuliendelea na nyanya zake. Msimu wa kwanza zikaanza kulala. Asubuhi mche umesimama, mchana umelegea, na majani bado ya kijani. Ndugu zangu, nawaambia, mtu wa ziwani akiona mmea umelegea anajua dawa moja tu: maji. Tukachota, tukamwagilia. Kadiri tulivyomwagilia, ndivyo na mstari wa jirani ulivyolala.

Msimu uliofuata, hivyo hivyo. Baba mdogo akasema, "Ardhi hii imechoka. Tuwape wafyatua tofali." Udongo ukishachimbwa tofali haurudi, na sisi hatuna shamba lingine.

Bwana shamba alipotuona tunahangaika, akatuletea dada mmoja, mtafiti wa magonjwa ya mimea. Akaomba glasi ya maji safi. Mama akaileta juu ya kisahani, kwa heshima. Yule dada akakata shina la mche uliolala, akalichovya ndani.

Mama akaninong'oneza, "Mgeni hanywi, anainywesha nyanya!"

Nilicheka, kisha nikaacha. Kutoka kwenye shina ulishuka uzi mweupe kama maziwa.

"Hivi ni vijidudu," akasema. "Vimeziba njia za maji ndani ya shina. Mmea umesimama kwenye maji na hauwezi kunywa. Na maji mnayomwaga yanavipeleka kwa mche wa jirani."

Akatueleza kwamba watafiti wamejaribu bilinganya za aina nyingi, wakapata ambazo mizizi yake inavistahimili vijidudu hivyo. Akanifundisha kubebesha: unakata mche mchanga wa bilinganya, unaweka juu yake kichwa cha nyanya, unabana kwa kipande cha mrija wa soda.

Miche yangu ya kwanza ilikufa karibu yote. Niliona aibu, nikataka kuitupa kabla yule dada hajarudi.

"Usinifiche iliyokufa," akasema. "Hiyo ndiyo inayotufundisha."

Tukaichunguza pamoja: joto la chini ya turubai nililoifunikia lilikuwa limeikausha. Mama akasema, "Si muiweke pale kwenye mtungi wa maji, penye ubaridi, muifunike gunia bichi?" Tukabebesha mingine, tukaiweka pale, ikashika. Siku hizi yule dada akienda vijiji vingine anawaambia watu watafute kona ya mtungi.

Tulipanda nusu ya shamba miche ya kubebesha, nusu ile ya kawaida. Siku baba mdogo alipomleta mfyatua tofali, nusu ilikuwa imelala, nusu imesimama na matunda. Akainama, akachungulia shina.

"Chini bilinganya, juu nyanya. Sasa huyu anaitwa nani?"

Mama akajibu, "Anaitwa Shamba-Halichimbwi, shemeji."

Mfyatua tofali ndiye aliyecheka kwanza. Baba mdogo akaomba ndoo, akaanza kuchuma.

Namshukuru Mungu, mama yangu, bwana shamba, na yule dada ambaye hakunicheka. Baba mdogo pia, maana sasa ananikatia mirija.

Nilichojifunza ni kidogo. Mmea ukilala, usikimbilie ndoo. Uulize kwanza. Glasi nimeiweka hapa mezani, maji ni safi. Mwenye shina linalomtia wasiwasi, asogee tuangalie.