Pumzi ya Ogola Ndani ya Garimoshi la Brasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una chungu jikoni kipunguzie moto, uje uketi, maana leo tunamkumbuka mtu mmoja, na habari yake ni nzito. Jeremy Ogola, fundi wa sauti, mkaazi wa Silanga kule Kibera, ametutoka. Amezikwa nyumbani kwao karibu na Muhoroni. Ogola aliweka sauti ndani ya magarimoshi madogo ya brasi. Ndiyo, umesikia vizuri. Treni za mvuke, ndogo, za kuwekwa mezani, za madini ya manjano kama koki ya mfereji wa maji.

Wengi wenu mlimjua kando ya Soko la Toi, akitengeneza redio na sabufa. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Lakini moyo wake ulikuwa Kawangware, kwa Mzee Kagiri, mwenye ploti mtaa wa Kongo hukohuko Kawangware. Mzee huyu alifanya kazi ya reli ujanani, na sebule yake ina reli ndogo nyingi kuliko viti. Filister, mkewe Ogola, anacheka akikumbuka: "Sisi wageni tulikuwa tunasimama. Treni ndio zilikuwa zinakaa."

Kazi yenyewe ilitaka subira. Ogola alifungua behewa la makaa linalofuata kichwa cha treni, akatoboa vitundu chini ili sauti ipate mlango, akatia spika ndogo kama kifungo cha koti. Kisha dikoda. Dikoda ni kadi nyembamba inayohifadhi sauti na kuitoa treni inapotembea. Sasa, brasi hupitisha umeme. Waya mmoja ukigusa ukuta, dikoda imekwenda, na nyingine inatoka ng'ambo. Kwa hiyo Ogola alivifunga vyote kwa tepu, kama mtu anayemfunika mtoto mchanga asubuhi ya baridi.

Shida ilikuwa sauti. Dikoda zilikuja na sauti za treni za huko zilikotoka. Mzee Kagiri alisikiliza ya kwanza, akakunja uso.

"Fundi, hii si gari yetu," akasema. "Hii inapumua kizungu."

Ogola alikuwa mtoto wa Muhoroni. Alichunga ng'ombe kando ya reli, pale treni zilipoanza kupanda kutoka ziwani. Basi akafumba macho palepale sebuleni, akaanza kupumua kwa mdomo: chuh, chuh, chuh. Mzee Kagiri akainuka polepole, mkono kifuani.

Tangu siku hiyo, wasikilizaji, treni zote za Ogola zilibeba pumzi ya Ogola. Tunarudia ili usikike vizuri ukweli huu: mvuke ulikuwa kifua chake mwenyewe. Honi ilikuwa yeye akipuliza chupa ya soda. Alirekodi kwa simu akiwa amejifunika blanketi, naye Filister akisimama mlangoni kumsihi jirani yao Ndinda azime redio. "Mimi ndio nilikuwa askari wa hiyo kazi," anasema.

Kisha sauti ya Ogola ikaanza kukwaruza. Tangawizi, limau, asali. Wapi! Daktari alipotazama kooni aliona uvimbe mbaya, akasema bila kuzunguka: sehemu ya koo inayotoa sauti ikatwe, na ikatwe haraka. Ogola ataishi, atapumua kwa tundu la shingoni, lakini hataongea tena. Ogola aliuliza swali moja tu: "Na kupuliza?" Daktari akatikisa kichwa.

Hapo ndipo vita vilipoingia katika nyumba ile. Mzee Kagiri alikuwa ameleta treni kubwa kuliko zote, ya kupanda milima, na sauti yake ya mlimani ilikuwa haijapatikana.

"Baba Adhis, twende hospitali," Filister alimwambia.

"Ngoja nimalize hii moja."

"Hii moja iko na mwisho kweli?"

"Mama Adhis, wakishanikata nitabaki fundi wa redio tu. Wacha nipande huu mlima kwanza."

Filister alificha simu. Ogola akaitafuta, akaipata. Filister akampigia Mzee Kagiri, lakini Ogola alikuwa amemwapisha asitaje ugonjwa, kwa hiyo alisema tu kwamba treni inamchosha mume wake. Mzee, kwa wema wake, akajibu: "Mwambie achukue time yake, mama. Mimi sina haraka." Maskini! Filister alikata simu akalia. Kisha akapiga magoti mbele ya mume wake, kwenye simiti. "Nilimwambia mimi sitaki sauti yake," anasema. "Nilimwambia, nakutaka wewe, hata ukiwa bubu." Ogola alimshika kichwa kwa upole, akasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Siku ya kuonyesha treni ilifika. Wazee wa reli walijaa kwa Kagiri, na Tracy, mkaza mwana wa Mzee, akapitisha chai. Treni ya brasi ikaanza kupanda kilima cha mbao. Ilivuta pumzi, ikakwama, ikavuta tena. Kila pumzi ilitoka kwa taabu. Mzee mmoja akapiga paja lake: "Waa! Hiyo ni milima ya Mau! Hiyo ni Mau kabisa, na mzigo!" Wakapiga makofi. Ogola, ambaye kufikia hapo alinong'ona tu, alitabasamu.

Filister hakupiga makofi. Pumzi ile aliijua, maana aliisikia kwenye mto kila usiku.

"Zimeni!" akapiga kelele. "Hapo hapandi mlima. Hapo anakufa!"

Mzee Kagiri akazima. Ogola akatazama chini, na safari hii hakusema kesho. Walienda hospitali pamoja, Mzee akiwashika mkono wote wawili. Uvimbe ulikuwa umeshuka kifuani. Daktari hakuwa na cha kukata tena.

Baada ya mazishi, binti yao Adhis alipekua simu ya baba akitafuta neno moja, hata salamu. Hakuna. "Ni treni tu," Filister alituambia. "Hakuna mahali ameniita. Hakuna mahali amemtaja mtoto wake. Pumzi yake yote aliipatia chuma."

Wasikilizaji, rekodi ile ya mlimani tunayo hapa studioni. Wengi mmepiga simu mkiiomba. Filister ametuomba tusiicheze, na hatutaicheza.

Kwa Filister, kwa Adhis, kwa ukoo wote wa Muhoroni, na kwako Mzee Kagiri ambaye umefunga sebule yako, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nawe unayetusikiliza, tazama hapo ulipoketi. Kama yuko mtu wako mwenye sauti iliyokwaruza, na anakwambia ngoja nimalize hii moja, usimbembeleze. Mvute shati. Akasirike, akutukane, lakini afike kwa daktari akiwa bado ana pumzi ya kukutukana.