Mtani Ameshika Kitu cha Twahiri

Mheshimiwa Shefu wetu wa kartie, mkuu wa mtaa huu. Shehe wetu uliyetuongozea dua. Papa Souleymane, kaka mkubwa wa marehemu, pamoja na ndugu zako mliokuja kwa boti kutoka mji wa Baraka. Mama Zabibu, mjane wetu, na watoto wako watatu. Majirani, marafiki, na nyinyi wateja wa marehemu ambao nguo zenu mpaka leo hazijakwisha: nawasalimu wote kwa heshima. Karibuni kwenye arobaini ya Papa Twahiri.

Naona wageni wengine wananitazama sana. Wanajiuliza, huyu mwanamke Mkristo, muuza samaki wadogo wa ndagala sokoni, anatafuta nini mbele ya watu wazito namna hii? Jina langu Bertille, na mimi ni mtani wa marehemu. Ukoo wake na ukoo wetu wanataniana tangu zamani za mababu, na kwa desturi yetu mtani ana haki mbili msibani. Ya kwanza ni kumsema marehemu hadharani, na mtu yeyote asinune. Ya pili ni kushika kitu kimoja cha marehemu, chochote kile, na familia haiwezi kukirudisha mpaka itoe fidia anayoitaka mtani. Papa Souleymane anaijua desturi hii vizuri. Tangu asubuhi amefunga mbuzi nyuma ya nyumba kwa ajili yangu, na cherehani ya marehemu ameifunika blanketi nisiione. Papa, nimeiona.

Najua pia neno linalowakaa wengi moyoni. Tukimaliza kula, Papa Souleymane atasimama atangaze mpango wa familia: Mouna aende Uvira kwa shangazi yake, Ramazani aende Baraka, Sabrina peke yake abaki na mama. Mama Zabibu hajalala tangu aliposikia. Mkubwa wa familia ana sauti yake, nami sitamkata kauli. Kwanza nimseme marehemu.

Twahiri alikuwa fundi wa namna gani? Tuseme ukweli, Mungu anatusikia. Alikuwa fundi wa kukimbia nyumba! Cherehani yake aliiweka barazani, akawadanganya kwamba anatafuta mwanga, kumbe anatafuta kuona mlima. Ukimpelekea kitambaa chako cha kikwembe mwanzo wa mvua, umekwisha, maana mvua ndiyo wakati wa uyoga, na uyoga ukiota Twahiri haketi. Gauni langu la Noeli nililivaa Pasaka. Nilipomfokea, alinijibu: "Mama Bertille, kikwembe hakiozi. Uyoga ukilala siku moja tu, funza wanakula." Akanijazia kikapu. Nikaondoka nimevimba, nikaupika na pilipili, hasira ikaishia sahanini. Nani hapa hajafanyiwa hivyo? Nyosheni mikono tuone. Ee, hata Shefu!

Wako wanaume wanaopenda pori kwa sababu wanakimbia bibi na kelele za watoto. Huyu alihama na nyumba nzima. Kila Jumapili, siku ya Mungu, masomo yamefungwa, mlimwona anapita na birika mkononi, Mama Zabibu na kikapu, watoto na ndoano, wanashika njia ya mto Lukuga. Huko walivua, wakachoma samaki, wakaoga, wakarudi jua limewaunguza na mchanga umewajaa masikioni. Mama Zabibu alikuwa akinilalamikia: "Bibi za wenzangu banapelekwa kwenye fete na ngoma, mimi napelekwa kwenye matope!" Lakini nani alikuwa wa kwanza kuosha birika Jumamosi? Zabibu, usiiname, watu wanakujua.

Aliwafundisha watoto majina ya miti na ya ndege wote. Asipojua jina, je, alikiri? Twahiri? Alimpa ndege jina la mteja wake! Yuko ndege mmoja mweupe kando ya maji, shingo ndefu, kelele nyingi bila sababu. Mpaka leo watoto hawa wakimwona wanasema, "Angalia, Mama Bertille amefika." Nami nilikuwa nawapa ndagala za bure, kumbe nalisha maadui.

Kisha vita ikatufikia. Asubuhi ile milio ilipoanza, kila mtu alishika alichoshika. Mimi nilibeba pasi ya makaa. Chumvi niliacha, sufuria niliacha, nikakimbilia milimani kwenda kupiga pasi nyasi! Twahiri alitoka na birika, bido la maji, chumvi na kisu, na watoto wake wakadhani ni siku ya Mungu imekuja katikati ya juma. Sisi majirani tukamfuata, kwa sababu njia za kule juu alizijua yeye.

Na mbele ya msafara huo wote alimweka nani? Alimweka Sabrina, mtoto wa miaka minne, miguu mifupi kama ya stuli. Ndivyo walivyozoea kutembea: mwenye mwendo mdogo anatangulia, na wakubwa wanafuata mwendo wake. Nilimpigia kelele, "Twahiri, tutakufia huku kwa mwendo wa mutoto!" Hakugeuka hata shingo. Akasema: "Mama, kama uko na haraka, pita. Sisi hatuache muntu nyuma." Sikupita. Waliopita wakikimbia, mnawajua. Watoto wao wengine walipatikana baada ya miezi, katika vijiji vya watu. Wengine mama zao bado wanawatafuta, na baadhi ya mama hao wameketi hapa pamoja nasi. Sisi tuliotembea nyuma ya Sabrina tulishuka wote kama tulivyopanda. Ninamshukuru Twahiri kwa hilo mbele yenu, kwa sababu alipokuwa hai nilimtukana tu.

Risasi zote alizikwepa. Homa ndiyo iliyomkuta, mji hauna dawa, ikamlaza kitandani, mahali pekee duniani ambapo hakupenda kukaa. Hapo simtanii. Hapo namlilia, mniache kidogo.

Sasa haki yangu ya pili. Papa Souleymane, mbuzi wako amenona, mwache ale majani. Cherehani ifunueni, haipumui. Sivitaki. Mouna, njoo hapa. Ramazani, njoo, usione haya. Sabrina, nipe mkono. Shefu, Shehe, nyinyi ndio mashahidi: nimeshika kitu cha Twahiri. Nimeshika watoto wake watatu.

Nyamazeni, bado sijamaliza! Mnasema watoto si kitu? Basi nionyesheni alichokuwa nacho Twahiri kinachowapita hawa, nami nitawaachilia sasa hivi. Hakipo!

Fidia yangu ni hii: walale nyumba moja na mama yao, hapa Kalemie, mpaka wawe watu wazima. Papa, najua hukupanga kwa ubaya. Vita imekausha kila jiko, nawe ulitaka kugawa mzigo. Mzigo ugawe, Papa, watoto usiwagawe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Boti iliyowaleta nyinyi inaweza kuleta unga wa Baraka, ndagala ziko kwangu, na kazi iko. Mnadhani nguo zile chache zilizokwisha kwa wakati zilishonwa na marehemu? Alishona Mama Zabibu, yeye akiwa uyogani!

Papa Souleymane, mkono wangu bado umeshika. Unasemaje? Chukua muda wako, mimi sina haraka. Unafuta macho, nimeona, futa tu, hata ndugu yako alikuwa analia na kusingizia moshi wa samaki. Sema. Kwa sauti, Papa, wa nyuma hawajasikia.

Mmesikia? Amesema, "Babaki wote." Wabaki wote watatu na mama yao! Shefu amesikia, Shehe amesikia.

Basi familia imekomboa, nami sina dai tena. Nawashukuru wote mlionipa masikio yenu mkavumilia ulimi wangu. Mungu ampe Twahiri mapumziko mema. Mama Zabibu, simama. Wapokee wanao.