Bi Jaha Aliyemtaja Mke Mwenza Asiyemtaka

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Leo tunamkumbuka Bi Jaha binti Abdulnasiri wa Kizota, hapa Dodoma, tuliyemzika Ijumaa iliyopita. Bi Jaha alikuwa na wivu. Nasema waziwazi, maana mwenyewe hakuuficha. Na wivu huo, wasikilizaji, uliwahi kuzuia maradhi yasivuke mpaka.

Turudi miaka ile ya ruksa. Biashara imefunguliwa, malori ya watu binafsi yanapita Dodoma kwenda nchi jirani. Mumewe, Mzee Amiri, alikuwa dereva wa malori hayo. Akirudi safari, Bi Jaha hampi pole kwanza, ananusa shati. "Wifi yangu akinusa sabuni asiyoijua, siku hiyo hatuli!" anakumbuka Bi Rukaya, dada yake Amiri.

Sabuni hiyo ilikuwa na mwenyewe: Generosa, mwenye mgahawa kule mpakani. Bi Jaha alilijua jina, akaijua hata rangi ya mlango. Roho ilimuuma, jamani, ilimuuma kweli.

Basi kipindupindu kikaingia. Madereva wawili wakafa njiani. Nchi jirani zikatishia kufunga mipaka. Jambo la hospitali likawa la ulinzi na usalama. Malori yakazuiwa Kizota, madereva wakatengwa uwanjani, Amiri akiwemo, anaharisha hoi.

Maofisa walitaka kujua jambo moja tu: kila dereva alilala wapi. Lakini wakawauliza mbele ya wake zao, waliojazana nyuma ya kamba! Nani atasema? Wa kwanza, "Nililala garini." Wa pili, "Garini." Amiri naye, kwa sauti ya mgonjwa, "Garini."

Bwana afya, jina lake Gideoni, akashika kichwa. "Jamani, huko mlikolala watu wanakufa sasa hivi. Ugonjwa utavuka!"

Bi Jaha kasimama pale nyuma ya kamba. Akisema, Kizota nzima itajua mumewe ana nyumba ndogo. Akinyamaza, Generosa huenda akafa, bwana abaki wake peke yake. Hilo alilifikiria, wasikilizaji. Baadaye alimwambia binti yake, "Nilinyamaza kidogo, mwanangu. Nilitaka afe."

Kisha akapaza sauti. "Mwongo huyo! Kalala kwa Generosa, mlango wa kijani, nyuma ya soko la mpakani. Nendeni mkamfungie!"

Halafu mke wa dereva mwingine akataja jina. Na mwingine. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake moyoni!

Simu ya upepo ikapigwa mpakani. Generosa akakutwa kitandani, hajiwezi, na mgahawani wateja wanaendelea kula. Mgahawa ukafungwa, akatiwa dripu, akapona. Amiri naye akapona. Ugonjwa haukuvuka. Watu walipomsifu Bi Jaha, aliwakatiza: "Nilisema afungiwe. Sikusema apone."

Ijumaa ile Generosa alikuja msibani. Bi Rukaya anasimulia: "Aliuliza akae wapi. Binti wa marehemu akamjibu, 'Karibu, mama mdogo, kaa popote. Ila si kwenye mkeka wake.'"

Wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Maradhi yakibisha hodi, nani kati yetu atakubali kuaibika ili hata asiyempenda apone?

Pole Mzee Amiri. Poleni watoto. Pole Bi Rukaya. Mungu amrehemu Bi Jaha. Na wewe Generosa, pole. Najua marehemu angenigombeza kwa hilo.