Mkwe Wangu Alinilaza kwenye Mkeka

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu wa jumuiya! Leo nimesimama bila kushikwa mkono, na kwa hilo namshukuru Mungu kabla sijasema neno jingine.

Mnajua kahawa ilipoanguka bei, huku Uru mlimani wengi wetu tulibaki kutegemea ng'ombe. Kwangu mimi mjane, ng'ombe ndiye aliyesomesha watoto. Na ng'ombe wetu hatoki bandani. Mama wa nyumba ndiye anayeyafuata majani tambarare na kuyapandisha mlima kichwani. Nilibeba miaka yote, mwisho mgongo ukagoma. Nikajifunga kanga kiunoni nikaendelea, hadi nikashindwa hata kuinama kukamua. Hospitali wakasema mifupa ni mizima, misuli ndiyo imekaza. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, akatuma neno kwamba anakuja kumchukua ng'ombe, akamtunze nyumbani kwake, kule Mkuu. Ndugu zangu, nililia.

Ndipo Mungu akamtumia Anjela, mke wa mwanangu mkubwa. Alikuwa akifanya kazi hotelini Moshi mjini, na huko mgeni mmoja alimfundisha yoga.

"Mama, lala kwenye mkeka," akaniambia.

Mimi? Mama mkwe nilale kifudifudi mbele ya mkwe? Kwetu hilo halipo. Tena niliogopa isije ikawa ibada ya miungu mingine.

"Ni kujinyoosha na kuvuta pumzi tu, Mama. Sali Salamu Maria yako huku unapumua." Akageukia ukutani asinitazame, akalala yeye kwanza.

Nikalala. Na siku ya kwanza nikakosea kama Mchaga yeyote: nikayavamia mazoezi kana kwamba nimepewa shamba la kupalilia! Kesho yake sikuweza kuvaa viatu. Anjela akanikanya kwa heshima: "Mama, hapa hatukati majani. Mgongo ukianza kuuma, acha, upumue."

Nikaenda polepole. Kwanza ulirudi usingizi. Baadaye nikaweza kuinama, kisha kupiga magoti kanisani. Shemeji alipofika alinikuta bandani nakamua. Alikunywa chai ya maziwa, akarudi Mkuu mikono mitupu.

Siku hizi nabeba mzigo mdogo na sioni aibu. Asante Yesu, na asante Anjela, mwanangu.

Wewe mama unayeugua mgongo, mtumaini Mungu, ila na mkwe wako umsikilize. Jumamosi tukishakamua, njooni kwangu na mikeka. Waleteni na wakwe zenu, tulale chini wote.