Wasifu wa Mzee Hallam

Benchi letu liko Auburn, hapa Sydney, mbele ya bucha la Waturuki, mkono wa kushoto ukitoka stesheni. Kila Jumamosi alasiri nafika na chupa ya kahawa ya tangawizi, na wanaokaa ni wale wale. Yuko Mselem wa Zanzibar, tunamwita Refa kwa sababu hakuna jambo asilolitolea hukumu. Yuko Honorine wa Bukavu, tunamwita Redio, na sababu mtaiona. Na yuko Mutua, Mkamba, anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Huyo ni Mswaki, maana siku yake inaanza na meno ya watu wengine. Mimi ni Mize wa Tanga. Jina la utani ninalo, ila hawathubutu kulitaja nikiwapo.

Jumamosi hiyo ya Julai 2014 upepo ulikuwa unakata masikio, na Mswaki alikuja na karatasi tupu.

Mzee aliyekuwa akiogeshwa naye kwa miaka mitatu alikuwa amekufa Alhamisi. Mmarekani, Raymond Hallam, zamani mchezaji mpira wa kulipwa. Faili lake lilikuwa na tarehe ya kuzaliwa na mji wa Cleveland, na penye jamaa wa karibu pameandikwa hakuna. Wakubwa wa pale walitaka kasisi aseme sala Jumanne, basi, imekwisha. Mswaki akakataa. Kwao mtu hazikwi bila kusomewa wasifu. Akaomba ausome yeye, wakamruhusu, na sasa hakuwa na cha kusoma.

— Wewe una mwandiko mzuri, Bi Mize. Andika, mimi nitakutajia.

Mwandiko ninao. Niliishia darasa la nne, lakini mwalimu wetu alikuwa akichapa vidole vya mwenye herufi mbovu. Maneno ndiyo hayakuwepo. Mzee akili ilikuwa imemtoka; Jumatatu bafuni alikuwa mshambuliaji, Jumatano kipa. Kilichojulikana kilitoshea kwenye kiganja: picha moja ukutani, kijana wa nywele ndefu na bukta fupi, katika ligi ya Marekani ya miaka ya sabini, ile iliyokuja kufa. Kisha Sydney, klabu ya wahamiaji, msimu mmoja, goti likavunjika. Miaka iliyobaki aliendesha lori la mikate.

Refa akauliza habari za vidole. Akaambiwa vimepinda.

— Basi kwisha. Andika kipa.

— Vya mikono au vya miguu? nilimwuliza Mswaki.

— Vyote.

Refa hakutetereka. Akasema mzee alidaka kipindi cha kwanza na kushambulia cha pili, Wamarekani hawana adabu ya mpira. Nikaandika kipa ili anyamaze.

Mswaki akasema mapajani mzee alikuwa na makovu, kama ameungua. Enzi zile, alivyosikia, Wamarekani walicheza juu ya zulia, nyasi za plastiki. Redio akadakia hapo hapo. Watu wazima hawachezi mpira juu ya zulia, alisema. Zulia ni la watumbuizaji. Huyo alikuwa yule anayevaa ngozi ya dubu na kucheza ngoma kabla ya mechi, na ngozi ndiyo iliyombabua.

— Dubu na goti lake? Refa alisema. Huyu aliuza mechi. Alijifunga mara tatu, akabadili jina, akakimbilia huku. Ndiyo maana hana ndugu.

Redio akalikubali hilo haraka kuliko nilivyotarajia, akaongeza kwamba dubu alikuwa shahidi.

Mswaki hakucheka. Aliweka kikombe chini.

— Baba yangu alizikwa kwetu Mwingi mwaka juzi. Viza yangu ilikuwa bado haijatoka, sikuweza kusafiri. Binamu akanishikia simu nisikilize. Aliyesoma wasifu hakumjua. Akasema marehemu alikuwa fundi cherehani, mpole, hana neno na mtu. Baba alikuwa mchimba visima, na alikuwa mgomvi. Watu wakaitikia amina. Mimi nilisikiliza mtu mwingine akizikwa.

Refa akatazama viatu vyake. Mimi nikalikata neno kipa kwenye karatasi, nikamwambia Mswaki ataje yale tu ambayo mikono yake inayajua. Yakawa machache. Goti la kushoto lenye mshono mrefu. Makovu. Mkate bila siagi. Na kwamba mpira ukionyeshwa kwenye televisheni, mguu wake ulikuwa ukitikisika chini ya blanketi, hata siku ambazo hakumjua yeyote chumbani.

Hapo akatoka buchani binti mgeni, Chepkoech wa Kericho, mwanafunzi wa uuguzi Parramatta, na mfuko wake wa nyama. Akatuamkia vizuri, nikampa kahawa iliyobaki. Akaniomba karatasi. Akaisoma mpaka mwisho, kisha akarudi juu.

— Lakini alikuwa mtoto wa nani?

Wasifu unaanzia hapo, kila mtu anajua. Mtoto wa fulani na fulani, wa ngapi kuzaliwa. Sisi tulianza na mpira. Saa mbili nzima tumegombania vidole vya maiti, na hakuna aliyekuwa na jina la mama yake. Tukamtazama Mswaki. Miaka mitatu, na kila asubuhi alimwuliza kama maji ni ya moto sana.

— Sikumwuliza, alisema.

Refa akashauri tuweke jina lolote la Kimarekani, nani atajua. Mswaki akamgeukia, na Refa kwa mara ya kwanza akafuta hukumu yake mwenyewe. Nikaandika juu kabisa, Alizaliwa na, nikaacha nafasi, nikampa Mswaki karatasi yake.

— Nikifika hapo nitanyamaza kidogo, alisema, halafu nitaendelea.

Nikamwambia asinyamaze sana. Kanisa tumepewa dakika ishirini, na nyuma yetu kuna maiti mwingine.