Mama Eva na Kangaja wa Mapokezi

Tarehe 30 Juni 2025, Fausta Nzunda, ambaye karibu wote tunamwita Mama Eva, anastaafu baada ya kuitumikia Hoteli Kipumbwi ya hapa Tunduma kwa miaka ishirini na miwili. Aliajiriwa Machi 2003 akiwa dobi. Anaondoka akiwa mtunzaji wa tangi la samaki wa maji chumvi lililopo mapokezi. Wasifu wa namna hii huandikwa kwa shangwe. Huu una huzuni ndani yake, na waliokuwa kazini mwezi Mei wanaijua sababu. Tulipomuuliza kama tuiache, alijibu, "Mkiiacha hiyo, mtakuwa mnamuaga mtu mwingine."

Mama Eva ni mzaliwa wa Hasamba, na hadi leo akitoka likizo hurudi na kahawa ya shambani kwao kwa ajili ya wenzake. Kwenye chumba cha kufulia alijulikana kwa mashuka meupe na kwa ukali wake juu ya mifuko ya suruali isiyokaguliwa. Wapo wanaokumbuka pasipoti ya mteja iliyofuliwa pamoja na suruali yake. Mama Eva aliianika, kisha akaipiga pasi ukurasa kwa ukurasa huku akimgombeza mwenyewe, na yule bwana akavuka mpaka wa Zambia siku ileile.

Tangi liliwekwa mwaka 2011. Mwanzilishi wa hoteli yetu, marehemu Mzee Athuman, alikuwa mtu wa pwani ya Pangani aliyeletwa huku na biashara ya malori. Aliipa hoteli jina la kijiji chao, na miaka ilivyozidi akaanza kusema kwamba jina peke yake halitoshi, anataka na bahari yenyewe. Mji mzima ulimcheka. Chumvi maalumu ililetwa ikiwa unga na kukorogwa kwenye pipa, na samaki walikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa maji uliojazwa hewa. Mtunzaji wa kwanza aliacha kazi mapema. Mama Eva alikuwa akifanya kazi upande wa pili wa ukuta, na pampu ikinyamaza alikuwa wa kwanza kutoka mbio na mikono yenye povu. Mzee akamwambia, "Basi njoo kabisa, mama, kuliko kukimbia kila siku." Ikawa hivyo. Baridi ya Juni ikikuta umeme umekatika, alilifunika tangi kwa blanketi za wageni, na wageni wakapewa maelezo baadaye.

Mwaka uliofuata akaletwa samaki mmoja aina ya kangaja, wa bluu, mwenye mstari wa njano mgongoni na kijiwembe pande zote mbili za mkia. Mzee Athuman alimpenda kuliko wote. Jioni alivuta kiti karibu na kioo, naye kangaja alikuja kusimama mbele ya uso wake kama anayesikiliza. Mkewe, Bi Stumai, alizoea kuwatania: "Huyo ndiye mke mdogo, mimi nimeshakubali." Mzee alipofariki mwaka 2021, Bi Stumai aliendelea kuja jioni na kukaa kwenye kiti kilekile. Kangaja alikuja kwake vilevile.

Kwa samaki wageni, hata hivyo, kangaja hakuwa na adabu. Samaki aliozoeana nao walizeeka na kufa mmoja mmoja, na kila aliyeletwa kuchukua nafasi alifukuzwa kona hadi kona mpaka mapezi yakachanika. Gibson, dereva wa Zambia anayelala kwetu foleni ya malori ikiwa ndefu, alikaa akimtazama huku chai yake ikipoa, kisha akamwambia Mama Eva, akimwita mama kwa Kibemba, "Bamayo, huyu ni forodha kabisa! Hapiti mtu bila kukaguliwa." Tangu siku hiyo jina lake likawa Forodha.

Kumtuliza Forodha ndiko kulikokuwa kazi kubwa ya Mama Eva kwa miaka yake ya mwisho, na ni haki ielezwe. Alianza na alichokijua nyumbani. Huko Hasamba kuku mgeni huingizwa bandani giza likishaingia, ili wakiamka asubuhi wakutane wakiwa wameshalala pamoja. Basi naye alizima taa za tangi, akafunika kioo kwa kitenge, na kumwachia mgeni gizani. Kwa samaki wadogo njia hiyo ilifaa. Kwa Forodha ilichelewesha ugomvi tu mpaka kulipokucha. Mama Eva akaanza kupangua mawe ya ndani kabla ya kuleta mgeni, ili mwenyeji naye ajikute pahali asipopajua na asiwe na kona ya kulinda. Alimshibisha Forodha kwanza kwa mwani mkavu, aliouning'iniza upande mmoja, ndipo wengine wakapewa chakula upande wa pili. Akaazima kioo cha kujitazamia na kukisimamisha nje ya tangi, na Forodha akashinda akigombana na sura yake huku mgeni akipumua. Mteja mmoja alipita akauliza, "Huyu naye anajipodoa kwenda harusi gani?" Mapokezi yote yakacheka. Baada ya muda Forodha alikizoea kile kioo, akarudi kazini kwake.

Januari mwaka huu wageni wa kifungua kinywa walikuta samaki wawili wapya wanaelea. Meneja wetu, Uledi, mtoto wa marehemu, alisema lililokuwa halali kusemwa: tangi la mapokezi si mahali pa kuua viumbe mbele za watu. Kama Forodha angeshindwa kuishi na wenzake kabla ya Mama Eva kustaafu, angerudishwa kwa muuzaji Dar es Salaam. Bi Stumai aliposikia hakubishana na mwanawe. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Eva akamshika mkono. "Mama Eva, yule samaki na mimi tulikuwa tunamsubiri mtu mmoja kila jioni. Usikubali wamchukue."

Mama Eva alikubali. Safari hii akakumbuka namna ya kumtuliza kuku mkorofi: hufunikwa chini ya tenga peke yake kwa siku kadhaa, na akirudi bandani yeye ndiye huwa mgeni. Hata wauza samaki hushauri hivyo kwa samaki mkorofi, kwa hiyo halikuwa wazo la kubahatisha. Aprili alimtoa Forodha akamweka kwenye pipa la bluu lililokatwa katikati, ndani ya chumba cha kufulia, pamoja na pampu na kipasha maji, chumvi ikiwa imepimwa vizuri. Kwenye tangi wakaingizwa samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, wakapata nafasi ya kuzoea mawe bila bughudha.

Forodha aliporudishwa hakumgusa mtu. Alipita kando yao taratibu na kwenda kusimama nyuma ya pampu. Tulipiga makofi. Uledi alimpongeza Mama Eva mbele ya wateja, na Bi Stumai akatuletea kashata za nazi alizopika mwenyewe. Sote tulidhani amestaarabika. Mama Eva peke yake hakula kashata. Alikuwa akitazama mwani, ambao Forodha hakuugusa.

Siku chache baadaye vidoa vyeupe vilimtoka mwilini, vidogo kama chembe za chumvi. Kangaja ni samaki wa kuogelea mbali. Kuku huvumilia tenga, lakini yeye pipa lilimvunja nguvu, na ugonjwa unaowanyemelea samaki wa aina yake ukapata njia. Mama Eva alimtibu kwa kila alichoelekezwa. Alihamishia mto wake kwenye benchi la mapokezi. Forodha alikufa asubuhi ya tarehe 22 Mei, na Mama Eva hakumwachia mtu mwingine kupeleka habari. Alivua aproni akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Bi Stumai.

Tunajua alichoambiwa kwa sababu alitusimulia mwenyewe. Bi Stumai alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Nilikuomba umlinde, nawe umemfunika kwenye pipa," akafunga mlango. Mama Eva hakuondoka. Alikaa barazani kama wanavyokaa watu msibani, mpaka jua likachwa, na kesho yake akaenda tena. Mwenzetu mmoja alimwambia, "Mama Eva, huyo alikuwa samaki." Akamjibu, "Kwani pale nalilia samaki?"

Hakuomba mapumziko. Alimfundisha Felix, atakayeshika nafasi yake, yote aliyoyajua na yale aliyoyajua akiwa amechelewa. Kwa samaki mzee, alimwambia, usimtoe mwenyeji. Mgeni ndiye akae kwenye kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, ndani ya tangi lenyewe, waonane na kunusana bila kuumizana. Mwenyeji akichoka kugonga kisanduku, fungua. Asipochoka, mgeni arudi alikotoka. "Usione aibu kumrudisha mgeni," alisema. "Mimi niliona aibu."

Katikati ya Juni basi lilileta samaki wa njano. Felix aliuacha mfuko uelee juu ya maji, akaongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe, akamhamishia mgeni kwenye kisanduku. Wale wawili wa rangi ya chungwa walikuja wakagonga, wakachoka, wakaenda zao. Siku ya kufungua kisanduku wafanyakazi wote tulikusanyika. Samaki wa njano alitoka, akazunguka tangi lote, hakuna aliyemfukuza. Lilikuwa jambo alilolihangaikia Mama Eva kwa miaka, na hakuna aliyepiga makofi. Pango alilokuwa akilala Forodha lilibaki tupu. Hakuna samaki aliyelisogelea.

Ndipo Bi Stumai akaingia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakwenda kwenye kiti. Alikuja kwenye benchi la mapokezi akaketi kando ya Mama Eva, wote wawili wakitazama maji.

"Ungemwacha tu akawaua," Bi Stumai alisema.

"Wangemchukua, mama."

Bi Stumai aligeuka akakitazama kiti cha marehemu. "Najua," akasema. Kisha akaulaza mkono wake juu ya mkono wa Mama Eva, na kwa kuwa sisi wa mapokezi tulisimama tukiwatazama, hakuna mteja aliyepata ufunguo wa chumba mpaka walipoinuka.

Mama Eva, umetufulia, umetukaripia, umetuwekea bahari mjini pasipo na bahari, na umetuonyesha mtu anavyobeba kosa lake mpaka mlangoni kwa aliyeumia. Tunakushukuru kwa yote. Nenda Hasamba salama, ukapumzike kati ya mibuni yako na kuku wako, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na tulivu. Barazani kwako kusikose mtu wa kuketi nawe.

Agnes Simbeye, Mapokezi
Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Hoteli Kipumbwi