Singa ya Mnyama Gani

Kwenye ubao wa mnazi uliolazwa juu ya matofali, pale Kilindoni, kila asubuhi hukaa wazee wawili wasiokubali kushindwa kwa maneno. Shaibu wanamwita Nahodha, ingawa mashua humtapisha. Hilal ni Redio, kwa kuwa hazimiki. Kahawa ni ya Bi Zuena, na siku ile aliwamiminia huku moyo wake uko kijijini Kanga. Jioni mjukuu wake Mize angetiwa mafuta ya nywele, kesho aolewe. Kwao bibi mzaa mama ndiye huimba, mkono uko kichwani mwa bi harusi, na wimbo ni ule ule: mwali ana nywele za singa, nyeusi, zimelala mgongoni. Alipoimbiwa yeye, miaka hiyo, mawifi walizitazama nywele zake za kipilipili wakacheka ndani ya leso zao. Kicheko kile hakijamtoka masikioni. Hakutaka Mize naye akisikie.

Basi akawauliza wazee, hiyo singa hasa ni nini.

Nahodha akasema ni manyoya ya mkia wa farasi.

— Farasi gani Mafia hii? Singa ni manyoya ya mnyama mweusi wa Kua, kule kwenye magofu ya kisiwa cha Juani. Wafalme wa kule walimfuga. Ukimpapasa, usingizi huo.

— Wewe Redio ulimpapasa lini?

— Babu yangu alimwona. Usione vyaelea, vimeundwa.

— Hiyo methali ya vyombo.

— Kwani manyoya hayaundwi?

Nahodha, asitake kupitwa, akageuza: hakuwa mnyama hata kidogo, lilikuwa wingu lililotua Juani likaota manyoya, na mwanamke aliyelilalia aliamka nywele zinamfika kiunoni. Bi Zuena akafumba macho. Akaliona wingu lenyewe, jeusi tititi, linapumua taratibu juu ya magofu, na wanawake wa zamani wamelala ndani yake. Mamaye alikuwemo, anamwita kwa jina la utotoni, sauti ile ile ya kuvuta mwisho. Na humo humo winguni, kichwa cha mamaye kilikuwa cha kipilipili.

Salamu ikamzindua. Ni Ruwaida, dada wa bwana harusi, aliyekuja sokoni kununua udi na sasa anampitia bibi, gari la Kanga linajaza. Akawapa wote shikamoo, wakaitikia. Alikuwa amekisikia kisa cha wingu.

— Na nywele zake Mize zikoje?

Wazee wakatazamana. Mtoto yule alivaa mtandio tangu hajaota meno ya pili.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Redio, akatazama ndani ya kikombe.

Bi Zuena ndiye aliyezisuka miaka yote. Vidole vyake vilianza kusogea kabla ya mdomo.

— Nyeusi, mwanangu. Umemwona mwanambuzi mweusi aliyezaliwa alfajiri? Mamaye kamlamba, manyoya yakamkaukia juani, yamejikunja yote. Ukitia kidole kinashikwa.

— Hilo halimo wimboni, Nahodha akamkumbusha.

— Jioni litakuwemo.

Ruwaida hakucheka. Alimpokea bibi kikapu, wakatembea kidogo kuelekea garini, ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba:

— Ukishaimba, bibi, na mimi nitatia kidole.